Mzunguko Unaowaka Peke Yake

Dada mkubwa wa fundi wa sigara za umeme alikuwa na mapafu mabovu na kichwa kigumu, na kati ya hivyo viwili fundi hakujua kipi kingemuua kwanza. Fundi mwenyewe ndiye aliyemtoa dada kwenye sigara miaka minne iliyopita, akamtengenezea ile ya umeme, na dada akamshukuru mpaka fundi akaona haya. Sasa daktari amesema hata huo mvuke basi, uachwe.

"Daktari naye ana mambo yake," dada alisema, akiketi mbele ya meza ya kazi huku akikohoa. "Nifungie koili mpya, mdogo wangu. Hii imechoka."

Fundi alizungusha waya mara sita kwenye bisibisi nyembamba, akaukaza kwenye skrubu mbili, akabonyeza kitufe. Koili nzuri, ule waya unaochemsha maji ya ladha yawe mvuke, huanza kuwaka katikati, kisha wekundu husambaa pande zote mbili sawasawa. Hii ilianzia pembeni: mzunguko mmoja ulikuwa mwekundu, mingine bado myeusi. Dawa yake ni kuibana kidogo kwa kibano, kubonyeza, kubana tena. Kazi ya dakika mbili, mikono yake iliijua hata akisinzia.

Akaweka kibano chini bila kuibana. Akapitisha pamba vivyo hivyo, akadondoshea maji ya ladha, akafunika. Alijua pamba ingeungua pale pale penye mzunguko ule, dada angevuta ladha ya kitambaa kilichoungua, angechukia, angeacha. Maneno alishayamaliza yote. Hii ndiyo njia pekee iliyobaki kichwani mwake.

Siku tatu dada hakuonekana. Fundi alifurahi, hata mluzi akapiga.

Siku ya nne alimkuta nje ya duka la jirani, ameegemea ukuta, sigara mdomoni, sigara yenyewe ya moto na majivu.

"Usinitazame hivyo," dada alisema akikohoa. "Kidude chako kimeharibika. Nikaona nisikusumbue, una kazi nyingi."

Fundi akanyoosha mkono. Akaomba kile kidude, akarudi mbio mezani, akasokota waya mpya, akabana, akabonyeza, akabana, mpaka koili ikawaka katikati jinsi inavyotakiwa. Akatoka nacho.

"Vuta hii, dada. Tafadhali, vuta hii."

Dada akaitazama sigara yake, imebaki nusu.

"Ngoja kwanza nimalize."