Bata wa Hori la Sur

Thuwaini alikuwa na bunduki tatu kuukuu za marisau, zile za kuvuta mkono wa mbele ndipo risasi nyingine iingie. Mwaka wa 1979 akanunua ya nne, na Ijumaa asubuhi akatoka nayo kwenye hori la bahari la Sur, Omani, amefuatana na wenzake wawili wa kazini. Bata wakaruka. Akafyatua, akavuta, akafyatua tena, mdomo haunyamazi kuisifu bunduki. Bata mmoja akaanguka, na bismillahi ya kuihalalisha risasi hakuipiga.

Sasa ilibidi amuwahi ndege angali hai amchinje, la sivyo ni kibudu, haramu kuliwa. Akakimbia. Bata keshakufa, shingo imelegea kama tambara. Akasikia wenzake wanakuja nyuma, akawapa mgongo, akapitisha kisu.

"Nimemuwahi!" akapiga kelele. Mtu mzima na ndevu zake!

Mchana mama yake, Bi Mahfoudha, akampika bata yule kwa tui. Bibi huyu alisomesha chuo cha Kurani Unguja, na tangu waje Omani hali nyama nyumbani kwa mtu, hajui imechinjwaje. Leo alikula mpaka akafyonza mifupa.

"Kwa watu nakataa," alisema. "Kwako wewe siulizi, mwanangu. Nilikufundisha mwenyewe."

Thuwaini hakuwa amegusa sahani. Akafumbua kinywa amwambie kweli.

Mama akadhani anataka kulishwa kama zamani. Akamega pande la paja, akampelekea mdomoni.

"Sema bismillahi, baba."

Akaisema, akatafuna.