Kitabu Kisichovuka Mstari

Mwalimu wa chekechea alikuwa na mdomo, na hakuuficha. Akikwambia kitabu hiki hakifai, basi hakifai, kapambie sebule yako. Miaka ishirini na sita alikuwa amewasomea watoto wa watu, na katika miaka yote hiyo hakutokea mtu wa kumfundisha namna ya kumchagulia mtoto kitabu. Si kwamba watu hawakujaribu. Mkuu wa shule alijaribu tena Jumatatu asubuhi, amesimama katikati ya katoni nne, karatasi mkononi.

Vitabu vilikuwa mia moja. Msambazaji alikuwa amevileta ili shule ichague arobaini, na vitakavyobaki gari lingekuja kuvichukua Ijumaa asubuhi. Hivyo arobaini ndivyo darasa lingekaa navyo mpaka vichakae.

"Nimeshatia alama vyenye elimu," Mkuu alisema. "Herufi, namba, usafi wa mwili, na hadithi zenye funzo mwishoni."

"Funzo mwishoni," Mwalimu alirudia, kama mtu aliyeonja mchuzi usio na chumvi. "Mkuu wangu, mtoto wa miaka mitano asipopenda ukurasa wa kwanza, hilo funzo la mwishoni utamsomea nani? Rafu?"

Mkuu alicheka. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda wa kutosha kutaniana bila kuumizana. Akamwambia basi achague mwenyewe, ila kimoja tu, kile cha herufi chenye jalada la bluu, kiwemo, apende asipende.

Kabla ya chai ya asubuhi Mwalimu alikuwa ameshavikataa vitabu arobaini kwa macho tu. Hiki maandishi yamebanana mpaka ukurasa haupumui. Hiki kila mtu kwenye picha anatabasamu, hata yule anayeanguka kutoka kwenye ngazi. Hiki karatasi yake itachanika kwa kidole kimoja chenye mate, na kidole cha mtoto kina mate siku zote. Vilivyobaki alivipeleka kwenye mstari.

Mstari wenyewe ulikuwa wa chaki, ameuchora sakafuni mbele ya kiti chake. Watoto ishirini na wanane walikaa kwenye mikeka nyuma yake. Hawakuambiwa wasisogee wala wasogee. Kitabu kikimkamata mtoto, husogea bila kujijua, kalio la kulia, kalio la kushoto, mpaka anajikuta ameuvuka mstari. Hadithi ikiisha Mwalimu anahesabu waliovuka, anaandika idadi kwenye kikaratasi na kukichomeka ndani ya jalada. "Masikio ya mtoto yako kwenye makalio," alipenda kuwaambia walimu wapya, nao wakayaandika maneno hayo kwenye madaftari yao wakidhani ni sayansi.

Kitabu cha mfuniko wa sufuria uliotoroka jikoni kilivusha watoto ishirini na watatu, na mmoja wao alimaliza hadithi ameshika goti la Mwalimu. Kitabu cha mswaki unaohutubia meno kilivusha wawili, na mmoja wa hao alikuwa anakwenda chooni. Mwalimu alifurahi. Kazi hii aliijua, na aliijua vizuri, na hakuona aibu kusema hivyo.

Jambo moja tu lilimkaa kooni. Kati ya watoto wale ishirini na wanane, mmoja alikuwa mjukuu wake mwenyewe, binti wa mwanawe wa kiume. Nyumbani Mwalimu, kama bibi yake, alimwita "mke mwenzangu" na kumtania kwamba amekuja kumnyang'anya babu. Darasani alikaa nyuma kabisa, mgongo ukutani, na mwaka mzima hakuna kitabu kilichomfanya auvuke mstari. Wala hakusema neno. Ukimwuliza, anatazama vidole vya miguu yake. Walimu wenzake walisema, "Kwenye miti hakuna wajenzi," na Mwalimu akacheka pamoja nao, lakini ilimuuma, ilimuuma sana.

Kumbe si hilo tu. Mkwewe, mama wa mtoto, alikuwa muuguzi, mtu wa maneno machache anayetaka kuona dawa ikifanya kazi. Wiki hiyo alikuwa ameshaandika barua ya kumhamishia mtoto shule nyingine, ambako watoto hunakili herufi na namba tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho, na hadithi hazina nafasi.

"Mama, sizidharau hadithi zako," mkwe alisema kwa adabu yote. "Lakini mwanangu hajawahi kuomba kitabu hata siku moja. Hata kimoja. Nisipoona mabadiliko, Ijumaa saa nne nitamkabidhi Mkuu barua."

 Kwa hiyo wiki hiyo Mwalimu alikuwa akichagua vitabu arobaini kwa ajili ya darasa, na moyoni akitafuta kimoja.

Alhamisi mchana vilibaki vichache. Akachukua kitabu chembamba cha jalada la kahawia, akaanza kusoma. Siku ya kwanza, kuku anaatamia mayai. Siku ya pili, kuku anaatamia. Siku ya tatu mvua inanyesha, kuku anaatamia. Kwenye picha, pembeni, buibui alikuwa anajenga utando, na kila ukurasa utando ulikuwa mkubwa kidogo. Siku moja kuku alinyanyuka, akaenda kunywa maji, akarudi mbio. Vinginevyo alikaa tu, mpaka siku ya ishirini na moja, yai moja likapata ufa. Mwisho.

Mwalimu mwenyewe alipiga miayo mara mbili. Alipomaliza aliinamisha macho kwenye mstari. Hakuna aliyevuka. Si mmoja, si nusu. Kwa siku zote nne hakuwahi kuona kitu kama hicho. Akaandika sifuri, akakitupia kwenye katoni ya vinavyorudi, akamwambia Mkuu aliyekuwa anapita dirishani, "Huyu kuku nadhani hata mwandishi alimchoka." Jioni katoni zikafungwa kwa utepe wa gundi.

Ijumaa asubuhi, jikoni nyumbani, chai ilikuwa mezani na mtoto hakuwa kwenye kiti. Alikuwa amechuchumaa kwenye kona, kati ya kabati na gunia la viazi, sketi ya shule ameitandaza pande zote. Mama yake alimwita mara tatu. Akamfuata, akamgusa paji la uso, akamtazama macho.

"Hana homa," alisema.

"Mke mwenzangu," bibi akasema, "leo umegoma?"

Mtoto akainua pindo la sketi kidogo, kwa uangalifu. Chini yake lilikuwa sweta jeupe la bibi, lile zuri, na juu ya sweta viazi vitatu.

"Naatamia," alisema.

"Tangu lini?"

"Jana. Leo siku ya pili. Bado kumi na tisa."

Mama na bibi wakatazamana. Kutoa kwenye ishirini na moja hakuna aliyekuwa amemfundisha.

"Nina shida, Bibi," mtoto akaendelea, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyozoea kusema kabla ya chai. "Yule kuku alikwenda kunywa maji. Siku ya ngapi? Nimesahau. Nikinyanyuka kabla ya siku yake, mayai yataharibika. Nakitaka kile kitabu niangalie."

Mwalimu alihisi uso unamchoma. Alikikumbuka kitabu, akaikumbuka sifuri, akakumbuka na mdomo wake pale dirishani. "Kitabu kiko shuleni," alijibu, na hilo lilikuwa kweli kwa muda wa kama saa moja iliyobaki.

Mkwe alishaichukua mikoba yake. "Kuatamia viazi si kusoma, mama," alisema taratibu. "Saa nne nitapita." Akatoka.

Bibi alitoa kapu la sokoni. Akamweleza mjukuu kwamba kuku akihamishwa pamoja na kiota chake mayai hayapati madhara, akaapa kwa jina la babu. Sweta likaingia kapuni na viazi vyake, mtoto akalikumbatia, na wakaondoka bila chai. Mwalimu ana magoti mabovu, lakini asubuhi hiyo mjukuu ndiye aliyeachwa nyuma.

Getini, dereva wa msambazaji alikuwa anabana komeo la mlango wa nyuma wa gari. Mkuu alikuwa pembeni yake, anarudisha kalamu mfukoni.

"Dereva, fungua," Mwalimu alisema huku akihema.

"Mama, nimeshafunga."

"Kwani kilichofungwa hakifunguliwi?"

"Kuna nini?" Mkuu akauliza.

"Nimekosea."

Mkuu alimgeukia. Miaka yote hiyo neno hilo hakuwahi kulisikia likitoka kwenye mdomo ule. "Rudia," alisema, "sikusikia vizuri."

"Umesikia. Kile kitabu cha kuku kinabaki."

"Mstari wako ulikipa ngapi?"

"Sifuri. Niliutazama mstari, sikuwatazama watoto. Kuku amekaa, Mkuu, na wao wakakaa. Darasa zima lilikuwa linaatamia, hakuna aliyethubutu kutikisika, na mimi nimeinamia sakafu nahesabu makalio."

"Nyani haoni kundule," Mkuu alisema, na alilisema polepole, akilifaidi.

"Sema yote leo. Haki yako."

Dereva alikuwa ameshashusha katoni ya kwanza. Hakimo. Ya pili, hakimo. Katika ya tatu kilikuwa chini kabisa, mswaki umekilalia. Mwalimu alikitoa, akakipangusa kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi.

"Ila arobaini ni arobaini," Mkuu alimkumbusha. "Nimeshatia sahihi. Kikiingia kimoja, kimoja kitoke."

Mwalimu alijua kipi angekitoa, na alijua pia kwamba asubuhi hiyo hakuwa na uso wa kukitaja. Akasubiri. Mkuu akaingia ofisini, akarudi na kitabu cha bluu.

"Jana usiku nilijaribu kumsomea mwanangu," alisema, akimpa dereva. "Nilisinzia mimi kwenye herufi ya tano. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Darasani, Mwalimu alifuta mstari wa chaki kwa kitambaa kibichi, mpaka sakafu ikabaki safi. Watoto walimtazama kwa mashaka. Kisha, badala ya kwenda kwenye kiti chake, alikwenda hadi ukutani nyuma, ambako mjukuu wake alikuwa ametandaza sweta, amepanga viazi, amekaa juu yake. Akampa kitabu mkononi, akarudi mbele, akajishughulisha na kuchonga penseli ambazo hazikuhitaji kuchongwa.

Mtoto alifunua. Kidole kikapita ukurasa baada ya ukurasa, kikagusa kila namba, kikasimama.

"Siku ya tisa," alisema.

Alilisema kwa sauti, darasani. Mtoto aliyekuwa karibu naye aligeuka. "Siku ya tisa nini?"

"Anakwenda kunywa maji."

"Na buibui?"

"Buibui yupo. Tazama, ameshafika kwenye dirisha."

Wa pili akageuka, na wa tatu. Kalio la kulia, kalio la kushoto. Kabla penseli ya nne haijaisha kuchongwa, darasa zima lilikuwa limempa Mwalimu mgongo na kujazana kwenye ukuta wa nyuma, na kutoka katikati ya lundo lile la vichwa ilisikika sauti moja ndogo ikieleza, bila haraka, kwamba viazi vya njano ni vya majogoo. Mwalimu alikaa kwenye kiti chake mbele ya mikeka mitupu. Hakuna kitabu kilichowahi kumpokonya darasa lake zima namna ile, na machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Saa nne kamili mkwe alisimama mlangoni, kwenye sare yake nyeupe, bahasha mkononi. Mwalimu alimwona. Maneno yalimjaa mdomoni, mengi tena matamu, kuhusu hadithi na namba na watu wasio na subira. Akayameza yote. Akaonyesha kwa kidevu tu, kule nyuma.

Mama alipita kati ya watoto, nao wakamfungulia njia.

"Mwanangu, simama," alisema.

"Siwezi, mama. Nitasimama siku ya tisa. Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi?"

"Hapa."

Mama aliinama. Kidole cha mwanawe kilikuwa juu ya ukurasa, kimetulia, kinangoja asome. Akasoma. Ilikuwa imeandikwa kweli. Akaendelea kuinama hata baada ya kumaliza, maana ukurasa ule ulikuwa na sentensi moja tu, naye aliisoma mara kadhaa.

"Na hivi viazi," alisema baadaye, "vinapata joto la kutosha?"

"Hiki hapana. Sweta la Bibi halikifikii."

Mama akaitazama bahasha. Akaikunja mara mbili, akaipenyeza chini ya kile kiazi cha pembeni, akakibonyeza kiasi kuona kama kimekaa sawa. Kisha akavua viatu, akaketi mkekani.

"Haya," alisema. "Nisomee tangu siku ya kwanza."