Gamba la Kaa wa Tanga

Sijawahi kuiona bahari na sasa siitaki. Kilichonifikia kutoka huko ni gamba moja la kaa, nalo limenitesa kuliko tope lenyewe.

Alilileta binti yetu Hilda, akiwa kidato cha pili, kwaya ya parokia ilipokwenda kuimba Tanga. Tulikuwa Gitting kwa mama yangu, tunapalilia viazi. Alilitoa kwenye kopo la maziwa ya unga: macho, miguu, makucha, kila kitu kipo. Nikamwambia akautupe mzoga wake kabla haujanuka.

Akacheka hadi akakaa chini. "Baba, huyu hajafa. Amejivua. Mifupa yake iko nje na haikui, kwa hiyo ikimbana anaiacha yote anaondoka." Akaligeuza. Nyuma palikuwa na mwanya, na ndani hamna kitu.

Mama yangu, Bibi Bernadina, akataka kujua ukoo wa mnyama huyo. Hilda akamtajia kamba, uduvi, nyuki, nge, tandu, hata kupe. Wote wana miguu ya viungo.

"Kupe?" Bibi akaruka. "Ndugu wa kupe hakai kabatini kwangu."

Lakini alimwekea mjukuu wake gamba lile, nyuma ya vikombe vya sikukuu. Ndiyo maana gamba lilipona.

Desemba ile Hilda alibaki nyumbani kwetu Jorodom, chini ya mlima, ili aimbe Jumapili. Mimi na mama yake tulikuwa Gitting. Alfajiri ya Jumapili hiyo Mlima Hanang ukashusha tope, mawe na miti, na nyumba yetu haikuachiwa hata msingi. Vijana walichimba mpaka wakachoka. Walichopata ni sweta yake ya kwaya, imepasuka mgongoni kutoka juu hadi chini. Ndani hamna mtu.

Wengine walilia. Mimi nilikimbilia kabati la mama. Mwanya nyuma, mpasuko nyuma. Ametoka! Hilda alisema kaa akishajivua huwa laini, hujificha mpaka gamba jipya likauke. Basi naye yuko mahali, kwa wasamaria, anapona. Nilizunguka wodi zote hadi Babati nikiwa na picha yake mkononi.

Katekista Onesphory akaja na ushauri wa wazee: tuizike ile sweta, tupate mahali pa kusali. Nilimfukuza.

"Mwalimu, wewe umeona wapi watu wanazika nguo na mwenyewe yuko hai?"

Mke wangu Scolastica hakusema neno, nami nilimchukia kwa kimya kile. Mahindi yakaota juu ya tope, yakavunwa. Mbwa akibweka tu, mimi nimeshafika mlangoni.

Juzijuzi tulikuwa tunachambua maharage uani kwa mama. Scolastica akaingia ndani, akarudi na gamba na sweta, akaviweka juu ya gunia.

"Baba Hilda, pitisha kidole hapa."

Ukingo wa ule mwanya wa gamba ulikuwa laini kama mdomo wa kikombe.

"Sasa na hapa."

Nyuzi za sweta zilikuwa zimekatika ovyo, ndefu kwa fupi, na changarawe imeng'ang'ania humo hata baada ya kufuliwa.

"Kaa anafungua," alisema. "Hii imeraruliwa." Akaigeuza mbele. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa, hadi cha shingoni. "Mtoto wangu alijua kufungua vifungo tangu chekechea."

Nilivihesabu vifungo kwa kidole, mara mbili. Kisha nikamwuliza ameviona lini.

"Siku ile ile walipoileta."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungebaki na nini, Baba Hilda?"

Kaa, kamba, nge na kupe, ukoo mzima ule umejaliwa njia ya kutoka ukibanwa. Binti yangu hakujaliwa.

Tulimzika Ijumaa, Gitting, kwenye sanduku dogo lenye sweta yake. Onesphory aliongoza sala na hakunikumbusha lolote. Walipotaka kupigilia kifuniko niliwaomba wasubiri. Nikapiga magoti, nikaanza kuvifungua vile vifungo, kimoja baada ya kingine, kuanzia chini. Cha shingoni kilinishinda. Scolastica akanisaidia.