Onja Kwanza, Shemeji

Ditram aliingia sebuleni kwa Mwalimu Hildegarda bila hodi wala shikamoo, yeye aliyefundishwa Kiingereza na mwanamke huyohuyo tangu darasa la tatu. Nyuma yake alikuja mkewe, Devota, na ndoo ya togwa aliyoitengeneza kwao Magole. Hildegarda alimtazama shemeji yake na kumchukia waziwazi, wala hakuona haya.

Mumewe, Beda, alikuwa ametimiza mwaka kaburini. Ini ndilo lililomuua, daktari alisema na karatasi zipo. Lakini Ditram alikwisha kutangaza kuanzia Kilosa mjini hadi Kimamba kwamba kaka yake alilishwa sumu. Leo ukoo ulikuja kuamua kama mjane abaki katika nyumba hii na shamba lake, au afungashe virago.

Mezani palikuwa na wali, kuku na maharage. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Aonje kwanza," Ditram alisema. "Kila sufuria, mbele ya macho yetu."

Mwenyeji yeyote huonja kabla ya mgeni. Husema "ngoja nitoe uchawi" na watu wakacheka. Hildegarda alifanya hivyo maisha yake yote kwa hiari. Lakini kuamrishwa, tena nyumbani kwake, na mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumfuta kamasi! Alimtazama Baba Mkubwa Abeli, mkubwa wa ukoo. Mzee alikuwa anakagua viatu vyake.

Basi akaonja. Wali, kuku, maharage. Hata maji ya kunawa angeyaonja kama wangetaka.

"Haitoshi," Ditram alisema. "Sumu nyingine inachelewa. Baba Mkubwa, maneno ya huyu mama mimi siyapi credence, siyaamini hata kidogo."

"Kiingereza hicho!" Hildegarda alisema. "Unajua hilo neno credence lilikotoka? Kanisani, pembeni ya altare, kuna meza ndogo ninayoipanga kila Jumapili, ya divai na maji. Jina lake ndilo hilohilo. Zamani huko Ulaya bwana mkubwa aliwekewa chakula pembeni, mtumishi akaonja. Asipokufa, bwana anakula. Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini, ni kuamini. Wanaita kuamini, na mwenye karamu hamwamini hata mmoja! Na wala hakuogopa adui wa mbali, Ditram. Alimwogopa mpishi wake."

"Hatukuja shule hapa."

"Haya, na mgeni naye aonje alicholeta." Alichota togwa kikombe kizima, akampa. "Onja kwanza, shemeji."

Alitaka kumwaibisha tu, hakuwa na lingine moyoni. Mtu mwingine angepiga funda moja na maneno yakaisha. Ditram alikipokea kikombe, akakinusa, akamtazama mkewe.

"Aanze Devota," alisema. "Si ndiye kaitengeneza?"

Hakuna asiyejua kwamba Ditram ana mwanamke Dumila na hulala huko nusu ya wiki. Akirudi Magole husema ameshiba, na chakula cha Devota hulala mezani. Miezi yote hiyo Devota aliamini ni shibe.

"Kumbe," Devota alisema.

Alimpokonya kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho, akajifuta mdomo kwa khanga. Kisha akaenda mezani, akajipakulia wali na kuku wa Hildegarda, akaketi karibu naye na kuanza kula.

"Dada, nisamehe," alisema. "Shemeji Beda alipougua nilikuja kumwogesha, niliona macho yake ya njano na tumbo lilivyovimba. Nilijua ni ini. Nilinyamaza kwa ajili ya huyu."

Msamaha ulikuwa mbali bado. Lakini Hildegarda alimsogezea bakuli la maharage.

Baba Mkubwa Abeli aliacha viatu vyake, akavuta sahani. "Mama huyu haendi popote," alisema. "Nyumba yake, shamba lake. Nipeni paja."

Wengine wakafuata, na sufuria zikaanza kugongwa miiko. Ditram alibaki amesimama mlangoni.

"Devota, twende."

"Tangulia," mkewe alisema bila kuinua macho. "Pitia Dumila, ukale kwa unayemwamini."