Kapeti la Upande wa Abiria

Agizo lilitoka kwa shemeji mkubwa, nalo lilikuwa fupi: gari la marehemu lisafishwe, Jumapili ukoo unakuja. Unakuja kuamua mambo mawili. La kwanza, gari litachukuliwa na nani, na hilo jibu lake kila mtu alilijua, maana shemeji mkubwa alikuwa akikagua matairi kila alipokuja kutoa pole. La pili, kama mjane abaki kwenye nyumba ile na wanawe, au afungashe virago arudi kwao.

Mjane mwenyewe walimwita Sindano. Kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari, na ulimi wake pia, akichokozwa, ulijua kuchoma. Lakini tangu mazishi ulimi huo ulikuwa umelala. Angesema nini? Wifi yake alishazunguka nyumba zote za ukoo akieleza kwamba kaka yake ameuawa na presha kwa sababu mke alikuwa mvivu wa kumpa dawa. Wifi huyo walimwita Redio, na aliyempa jina hakukosea sana, ila redio za watu wengine zina kitufe cha kuzimia.

Ukweli ni kwamba Sindano alimpa mumewe kidonge kila asubuhi, mkononi, kimefungwa kwenye kikaratasi. Mume alikitia mfukoni, akasema atakimeza njiani chai ikishatulia tumboni. Kisha akaingia garini na dada yake, maana wote walikuwa wakifanya kazi kiwanda kimoja, yeye dereva wa lori, dada mfungaji wa maboksi. Usiku, wakiwa wamelala, Sindano alimwuliza, "Umemeza?" Naye akajibu, "Nimemeza." Ikawa hivyo mpaka siku alipoanguka kwenye geti la kiwanda, mdomo umekwenda upande. Sasa nani angemshuhudia mjane? Shahidi wake walishamzika.

Jumamosi asubuhi Sindano alifungua milango yote minne, na harufu ikatoka kama mgeni aliyechoka kusubiri. Gari lilikuwa kuukuu, limemzidi umri mtoto wake wa kwanza. Mpira wa mlango wa nyuma ulikuwa umekatika, mvua ikawa inaingia inavyotaka, na kapeti lilikuwa limeinywa na kuvunda.

Redio naye alikuwa amefika, ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Alisema amekuja kusaidia. Alikuwa amekuja kuhesabu skrubu.

Ushauri wake ulikuwa tayari: mwaga sabuni, sugua juu juu, acha milango wazi, jua litamaliza. Sindano akamweleza taratibu kwamba uvundo uko chini, kwenye sponji iliyogundishwa nyuma ya kapeti, na ukimwagia maji juu unaulisha tu. Akachukua spana ya marehemu, akafungua boliti za viti, akavitoa kimoja kimoja na kuvipanga uani vikitazamana kama wagombanaji. Akang'oa vibati vya vizingiti vya milango. Akafungua mikanda ya abiria kwa chini. Kadiri kapeti lilivyozidi kulegea, ndivyo wifi alivyozidi kukosa raha.

"Wifi, hapo mbele pakavu," alisema Redio. "Nyuma ndiko kunakonuka. Toa la nyuma tu."

"Kapeti lenyewe ni moja. Ni kama suruali, wifi. Huwezi kuvua mguu mmoja ukafua, mwingine ukabaki unatembea nao."

Siku nyingine wangecheka. Redio alisimama, akaketi, akasimama tena. Akasema mgongo unamuuma, akasema wapumzike kidogo, akasema hata kaka yake hakuwahi kulitoa lile kapeti maisha yake yote. Sindano alikuwa ameshaushika ukingo wa mbele, upande wa abiria, pale mtu anapoweka miguu. Akavuta. Likaachia kwa sauti kama ya plasta inayobanduliwa kwenye kidonda.

Vidonge vilikuwa vimejipanga chini yake kama mbegu za maboga zilizoanikwa. Vingine vilikuwa vimegeuka unga, vingine vimevimba na kunata kwenye sponji, vingine vizima kabisa, vyeupe. Na vile vikaratasi vyake, alivyovikunja kwa mkono wake, vilikuwa vimesukumwa humohumo.

Redio ilikata mawimbi.

Sindano hakupiga kelele. Alitazama mahali vilipokuwa, akamtazama aliyekuwa akikaa mahali hapo kila asubuhi.

"Ulijua," alisema.

Wifi alirudi kuketi juu ya ndoo. Alisema kaka yake alimwomba mwenyewe. Vidonge vilikuwa vikimlegeza, vikimtia usingizi, na dereva akisinzia na lori anaua watu, na akisema anaumwa anaondolewa kazini. Basi kaka akawa anampa yeye, naye anavichomeka chini ya kapeti, ili mke asije akavikuta mfukoni siku ya kufua.

"Ungevitupa dirishani."

"Sikuweza," alisema Redio. "Niliona siku akizidiwa, vitakuwa karibu."

"Na mimi ukanitangaza kuwa nimemuua."

"Ningemtangaza nani, wifi? Mimi?"

Kisha akapiga magoti kando ya kapeti, akaanza kuvibandua kwa kucha. Alisema wavioshe tu, sabuni ipo tele, na ya Jumapili atayaweka sawa yeye mwenyewe. Sindano akamshika mkono, akautoa pale, bila ukali.

Siku nzima alisugua. Alisugua nyuma, akasugua chini ya dereva, akakwangua kutu ya bati, akasuuza mpaka maji yakatoka meupe. Sehemu moja hakuigusa. Kisha akalianika kapeti ukutani, tumbo nje, mkabala na mlango ambao wageni wangeingilia.

Jumapili shemeji mkubwa alikuwa wa kwanza kuliona. Akauliza kwa nini limeanikwa nyuma mbele, na ule uchafu mweupe ni wa nini.

"Muulize wifi," alisema Sindano. "Mimi aliniambia nisugue juu tu."

Ukoo mzima ukamgeukia Redio. Akasimama, akasema yote, kwa sauti ndogo mno hata wazee wakalazimika kuinama ili kumsikia. Hakuna aliyemkemea, na hilo lilimwumiza zaidi. Habari ya virago haikutajwa tena. Shemeji mkubwa naye aliacha kuyatazama matairi, akaaga mapema.

Walipokwisha kuondoka, Sindano aliteka maji, akachukua brashi. Kazi ilikuwa haijaisha. Alisugua pale alipokuwa amepabakiza, unga mweupe ukishuka na povu hadi miguuni pake, naye anasikia sauti ya mtu aliyelala ubavuni mwake usiku baada ya usiku, tulivu, haina hata kigugumizi.

Nimemeza.