Hisa za Wale

Baba alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha dawa tangu ujana mpaka alipostaafu, na hajawahi kulitaja jina la washindani wao. Anawaita "wale". Kwa hiyo aliponiita nimsaidie kununua hisa za kiwanda chake kwa mafao yake yote, akiba ya uzee wake na Mama, nilijua ananiita nigonge muhuri tu.

"Wewe si mhasibu? Zilinganishe," alisema. "Uone tunavyowaacha mbali."

Nikatandaza mezani taarifa za mwaka za kampuni zote mbili, Mama akiwa kwenye kochi anashona vifungo. Kampuni yetu iliuza zaidi, hilo halina ubishi, na Baba akavimba kichwa. Lakini riba za mikopo zilikuwa zinaila faida, na dawa nyingi zilikuwa zinaisha muda wake ghalani. Wale waliuza kidogo, wakabakiwa na faida mara mbili ya yetu.

"Kalamu zenu hizo!" Baba alifoka. "Dawa yetu inafanya kazi. Mimi presha yangu imetulia kwa sababu gani?"

Ningenyamaza, lakini mdomo wangu hauna breki. "Baba, humu imeandikwa hiyo ya presha waliacha kuitengeneza mwaka juzi, ulipokwisha kustaafu. Wale waliwashinda kwa bei nafuu."

"Nimeimeza leo asubuhi!"

Tukamgeukia Mama. Akakata uzi kwa meno, taratibu.

"Ziliadimika," alisema. "Nikawa nanunua za wale, nazitia kwenye kichupa chako cha zamani. Ningefanyaje, baba watoto? Ungegoma kumeza, na mimi nakutaka hai."

Baba hasira zake ziko karibu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaangua kicheko mpaka akashika mbavu.

"Na daktari kila nikienda ananisifu!"

"Unasifiwa wewe, kazi nafanya mimi," Mama alimjibu.

Nilifurahi kuwaona hivyo, sikufichi. Baba alipopata pumzi akanisogelea.

"Za kwetu ninunulie chache tu, nisije nikashindwa kuwatazama wenzangu usoni. Fedha yote iliyobaki nunua za wale, ila andika jina la mama yako. Huyu anajua kutunza."

Mama hakuwahi kuwa na kitu kilichoandikwa jina lake. Nilipomaliza kuandika aliniomba nilisome kwa sauti, halafu nilisome tena.