Meneja Aliyerudishwa na Mlango

Jumatatu asubuhi, saa mbili na nusu, fundi wa kuunga nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga wa intaneti aliweka kigoda chake mbele ya mlango wa meneja, akafungua sanduku la vifaa, akaanza kazi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Wiki iliyopita mtaro wa nyaya ulimfukia kaka yake, mchimbaji, baada ya meneja kuamuru mbao za kuzuia udongo zing'olewe ili kazi iende mbio. Ripoti ya meneja, iliyobandikwa ukutani, ilisema marehemu alikuwa amelewa. Mtu ambaye hata soda ilimtia kizunguzungu!

Saa saba meneja akatoka kwenda kula. Tangu msiba alikuwa akipita ubavu ubavu kama kaa, asikutane macho na mfiwa. Akaambaa na ukuta wa kioo, shingo upande, hadi kwenye mlango uliokuwa wazi. Mlango ukamrudisha. Akajikuta anaelekea mezani kwake, tai haijapinda. Akajaribu upande wa pili, akarudishwa vilevile.

"Nini tena hii?"

"Ni pembe, bosi," fundi akasema, macho kwenye uzi. "Hata mwanga ndani ya kioo uko hivyo. Ukija umenyooka, unapita. Ukizidisha kulalia upande, unarudishwa ndani wote, hausazi hata cheche."

"Sasa nifanyeje?"

"Njoo umenyooka. Nitazame, useme kaka yangu hakulewa."

Meneja akafikiri, akaagiza chakula. Kilipita bila tabu. Sahani haina hatia.

Ijumaa mke wa meneja alileta mashati, akamwambia fundi: "Mdogo wangu, si umwachie jamani?"

"Mlango wazi, dada. Nimemshika mimi?"

Mke akamtazama mumewe akirudishwa kwa mara ya kumi na moja. "Baba watoto, si unyooke tu!"

"Nina kazi nyingi," meneja akajibu.

Mwezi wa tatu tangu akwame humo, kampuni ilimpandisha meneja cheo, kwa kuwa hakuna mwingine asiyekosa kazini hata siku moja. Akatia saini kibali cha mtaro mpya, bila mbao. Karatasi ilipita. Ripoti ilibaki pale pale ukutani, na wapita njia waliendelea kuisoma.

Fundi akaambiwa ahamie ghorofa ya juu, kwenye hewa nzuri.

"Asanteni," akasema, "ila hapa namwona vizuri."

Akachukua uzi mwingine.